Nira ya Tani Tatu

Nilimkuta shangazi wa mchumba wangu amekaa kwenye kiti changu.

Si kile cha plastiki cha wageni kilichoko karibu na mlango. Changu mimi, chenye magurudumu, mbele ya kompyuta yangu, na mkoba wake kautandaza juu ya kibodi kama yuko sebuleni kwake. Ilikuwa saa mbili kasoro asubuhi. Kule chini walikuwa wameshawasha tanuri, na sakafu ya ofisi ilikuwa inatetemeka kidogo kama kawaida yake.

"Shikamoo, Shangazi."

Hakuitikia. Alinipandisha, akanishusha, macho yakaishia kwenye viatu vyangu vya kazi.

"Funga mlango."

Nikaufunga.

"Jumamosi tulikuwa tuje kwenu," akaanza, taratibu, kama mtu anayekunja nguo. "Watu saba. Mama yako mwenyewe kaniambia kwenye simu ameshaazima viti kwa jirani. Sasa nieleze wewe uliyesoma. Mtu anawezaje kumwandikia baba mkwe wake barua ya kumfukuzisha kazi, halafu akakaa anasubiri wageni?"

"Sikuandika barua, Shangazi. Ni ripoti. Na haimtaji mtu yeyote. Inataja nira."

"Nira ya nani?"

Nikaweka daftari langu juu ya kabati.

"Si nakuuliza? Nira ya nani? Kiwanda kizima hiki, kuna mtu asiyejua ile ni kazi ya kaka yangu?"

Hakuna asiyejua. Kaka yake ndiye Fundi Mkuu, na kiwanda chetu ni cha kusubu: tunayeyusha chuma na kukimimina kwenye kalibu. Nira ni ule mhimili mnene unaoning'inia chini ya kreni, na kwenye masikio yake mawili ndipo inapotundikwa ndoo ya uji wa chuma. Mwezi uliopita ililetwa ndoo mpya, kubwa, inayofika tani tatu ikijaa. Fundi Mkuu akachora nira mpya kwa chaki sakafuni, kama alivyozoea, akatengenezesha tatu. Mbili zilikuwa zimeshapanda kwenye kreni. Ya tatu nilikuwa nimeizuia mimi, mchumba wa mwanawe.

"Hii kompyuta yako," akaendelea, akiigonga kwa ukucha, "ilishawahi kushika nyundo?"

"Hapana, Shangazi."

"Ilishawahi kuungua?"

"Hapana."

"Basi ina kipi cha kumfundisha mtu aliyeungua mikono yote miwili?"

Nilitaka kumwambia kwamba ninaiheshimu ile mikono kuliko anavyodhani, kwamba mara ya kwanza Fundi Mkuu aliponipa mkono nilihisi kama nimeshika gome la mti na nikampenda pale pale. Lakini alikuwa ameshainua kidole.

"Utaandika nyingine. Useme ulikosea. Msichana kukosea si ajabu, watu watasahau."

"Na nira ikikatika?"

"Haijakatika."

"Shangazi, chini ya ndoo ile ndipo anaposimama mwanao."

Hapo alisimama. Kiti kilirudi nyuma mpaka kikagonga ukuta.

"Usimtumie mtoto wetu kunitisha!" Alichukua mkoba wake akaubana kwapani. "Nimesikia leo wanaijaribu mbele ya watu. Vizuri. Ikishika, usije ukatukanyagia mlango. Na isiposhika..." Alitafuta maneno, akayakosa, akayapata. "Isiposhika pia usije."

Akatoka. Harufu ya manukato yake ilibaki pale kunichunga.

*

Mchumba wangu, mwana wa Fundi Mkuu, alikuwa amesimama koridoni. Sijui alikuwa pale tangu lini.

Kiwandani wanamwita Cheche, kwa sababu ni mchomeleaji na hana shati lisilo na matundu madogo ya moto. Mimi wananiita Bibi Rangi, na jina hilo ni yeye aliyeniletea. Miezi minane nyuma alipanda juu kuja kucheka. Alikuwa amesikia kuna mhandisi wa kike anayeshinda anapaka chuma rangi kwenye skrini. Nikamketisha, nikamweleza.

"Kitu kama hiki siwezi kukihesabu kwa mkupuo, umbo lake lina kona nyingi," nilimwambia. "Kwa hiyo nakikata, humu ndani ya kompyuta, vipande vidogo vidogo elfu arobaini. Kipande kimoja kimoja ni rahisi. Kinavutwa hapa, kinasukumwa pale, uzito unaobaki kinamsukumia jirani. Jirani naye anamsukumia jirani. Kompyuta inawazungukia wote mpaka wakubaliane. Halafu inaniambia nani kabeba kiasi gani. Bluu hana tatizo. Mwekundu kazidiwa."

Aliisogelea skrini.

"Kumbe ni umbea tu," akasema. "Kama mtaani kwetu."

Nilicheka mpaka nikashika meza. Kesho yake alirudi, akasingizia kuna kipande hakukielewa. Keshokutwa pia. Mwezi wa tatu akawa anaelewa kuliko baadhi ya niliosoma nao, na mimi nikawa siwezi kunywa chai bila kuangalia mlango.

Sasa alisimama koridoni na uso uliokunjwa, siku ya nne tangu aache kupokea simu zangu.

"Kakwambia?"

"Kaniambia."

"Ukamjibu nini?"

"Hakunipa nafasi."

"Haya, mimi nimekupa." Alifunga mikono kifuani. "Ile rangi nyekundu ulikaa nayo siku ngapi kabla hujaiandika?"

"Nne. Nilikata kipande cha bamba lile lile ghalani, nikakivuta kwenye mashine mpaka kikakatika, nijue nguvu zake. Nilirudia hesabu mara sita. Nilikuwa naomba niwe nimekosea."

"Siku nne." Sauti yake ilishuka badala ya kupanda, na hilo ndilo lililoniogopesha. "Jumapili tulishinda wote. Ukala kwenye sahani yangu. Ukanilalia bega. Na kichwani umebeba jambo la kumwaibisha baba yangu. Mimi nimekuja kuambiwa na Meneja! Nimesimama na mafundi wangu, kofia mkononi, naambiwa na Meneja!"

"Ningekuambia, ungefanya nini?"

"Ningemwambia baba."

"Halafu?"

"Halafu angeiangalia. Angerekebisha. Mambo yangeishia nyumbani."

"Au angekuambia ukae kimya."

"Baba yangu si mtu wa hivyo."

"Na wewe? Akikuambia ukae kimya, wewe ni mtu wa namna gani?"

Niliona limemwingia. Alifumba macho, akayafumbua, na yale macho niliyozoea kuyaona yakinitafuta kwenye umati yalinitazama kama karani anayemtazama mtu asiyekuwa kwenye foleni.

"Unajua kinachoniuma ni nini?" akasema. "Si baba. Ni kwamba na mimi ulinipigia hesabu. Ukaniona sifai."

Aligeuka akashuka ngazi. Nilimfuata kwa macho mpaka kichwa chake kikapotea chini ya sakafu. Nilitaka kumkimbilia. Nilitaka pia kumrushia kiatu. Sikufanya lolote kati ya hayo mawili, nilichukua daftari langu nikaenda kwenye jaribio.

*

Banda la majaribio ni dogo, na siku ile lilijaa. Mafundi walisimama mpaka nje ya mlango. Meneja alikuwa amevaa kofia ngumu iliyomzidi kichwa. Fundi Mkuu alisimama kando ya mashine ya kuvuta, mikono nyuma, shati limepigwa pasi, kama mtu aliyekuja kwenye mahafali ya mwanawe.

Nira ililetwa kwenye toroli, imepakwa rangi ya kijivu. Cheche ndiye aliyeifunga kwenye mashine. Nilimwona akiinama chini ya sikio la kushoto, akakaa pale zaidi ya ilivyohitajika. Alipoinuka alimtazama baba yake. Mimi hakunitazama. Nikadhani ni chuki tu.

Niligundisha vipimo vyangu kwenye kona ya ndani, vijikaratasi vidogo kama stempu vyenye nyaya, vya kuniambia chuma kimenyooka kiasi gani. Ripoti yangu ilisema hivi: kona ile imekatwa kwa moto ikaachwa kali bila kuzungushwa iwe mviringo, na uzito wote unakimbilia pale. Ikifika tani tatu na nusu hivi, chuma kitalegea na hakitarudi. Ndoo ikijaa ni tani tatu. Kreni ikishtuka kidogo tu, tunavuka.

"Tutapanda mpaka tani nne na nusu," Meneja akatangaza. "Ikishika, tunaendelea na kazi. Washa."

Tani moja. Nilisoma kipimo, nikaangalia daftari. Tarakimu zile zile. Tani mbili, zile zile. Tani tatu, tofauti yake na hesabu yangu ilikuwa ndogo kuliko unene wa unywele. Tatu na nusu. Nilisubiri kipimo kiruke.

Hakikuruka.

Tani nne. Mtu mmoja nyuma akapiga mluzi. Nne na nusu. Mashine ilinguruma, nira ikakaa kimya kama haihusiki.

"Shusha," akasema Meneja.

Waliposhusha, kipimo kilirudi kwenye sifuri, safi, bila kovu. Banda likalipuka. Watu walipiga makofi, wakagonga mabati, mmoja akaimba jina la Fundi Mkuu, wengine wakaitikia. "Bibi Rangi, kapake kucha!" alipaza mtu sauti, na kicheko kikazunguka banda zima. Nikamtafuta Cheche. Alikuwa anatazama sakafu.

Fundi Mkuu alisubiri kelele zipungue.

"Sina kinyongo," akasema, kwa sauti ya kusikika nje. "Binti ni mdogo, na kompyuta inasema inachoambiwa. Ila nataka aseme hapa hapa, mbele ya hawa hawa, kwamba alikosea. Nira zangu ziachwe zifanye kazi."

"Ni haki yake," akasema Meneja, akinigeukia. "Na ujue, baada ya hapa mimi na wewe tutazungumza kuhusu nafasi yako."

Nilisimama na daftari. Ningeweza kusema, na nakiri kwamba midomo yangu ilishaanza kulitengeneza neno. Lakini macho yalikuwa bado kwenye zile tarakimu. Ningekuwa nimekosea umbo, zingepishana tangu tani ya kwanza. Hazikupishana. Nira ile ilinyooka kama nilivyoihesabu hatua kwa hatua, ikakataa jambo moja tu, kulegea. Vyuma viwili vya umbo moja vinanyooka sawasawa hata kama kimoja kina nguvu kuliko kingine. Tofauti yao huioni mwanzoni. Unaiona pale mnyonge anaposhindwa na mwenzake anaendelea.

"Hii si nira niliyoipima," nikasema.

"Unasemaje?"

"Umbo ni lile lile. Chuma si kile. Niliyoipima imetokana na bamba la ghalani. Hii ni chuma kingine, kigumu zaidi. Kateni kipande mkaangalie."

Kicheko kilikatika. Fundi Mkuu alinijia hatua mbili, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue niliogopa mwili wake.

"Unaniita mwongo."

"Nasema nilichokiona kwenye kipimo, Baba."

"Usiniite baba! Kateni mkono wangu kwanza ndiyo mkate hiyo nira. Nimeingia kiwanda hiki wewe hujazaliwa, leo unasimama mbele ya wanangu unaniita mwongo?"

Mafundi walianza kunizingira kwa maneno, huyu hiki, yule kile, mengine siwezi kuyaandika. Meneja aliinua mkono, akamgeukia Cheche.

"Wewe ndiye mchomeleaji. Hii umeichomelea wewe?"

Alimtazama baba yake kama anayemwomba aseme yeye, amwondolee mzigo ule. Fundi Mkuu hakupepesa jicho.

"Hii si yangu," akasema Cheche.

"Sema kwa sauti."

"Mshono huu si wangu. Tazameni magamba yake, yamelalia kulia. Yangu yanalalia kushoto. Hii imechomelewa na mtu wa mkono wa kushoto." Sauti ilimkatika, akaikokota. "Humu ndani wa mkono wa kushoto ni mmoja tu."

Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Sote tulikuwa tunauona mkono ule wa kushoto umekunjwa ngumi.

Nilidhani atakanusha. Hakukanusha. Aliketi kwenye ukingo wa toroli, na nilipomsikia akizungumza nilijua ananizungumzia mimi, ingawa alikuwa anatazama mashine.

"Niliisoma ripoti yako. Yote. Ukurasa wa nne uliandika chuma gani kingefaa. Nikakitafuta. Nikaitengeneza mwenyewe usiku, milango imefungwa."

"Kumbe ulijua nimesema kweli."

"Nilijua."

"Ukaniacha nichekwe."

"Miaka thelathini na moja nimefanya kazi hii. Wewe una miaka mingapi?"

"Ishirini na tisa."

"Basi," akasema, kana kwamba hilo ndilo jibu.

"Na zile mbili zilizoko kwenye kreni? Zile ni za chuma kile kile cha ghalani."

"Ningezibadilisha moja moja."

"Lini?"

Meneja alikuwa ameshatoka mbio kwenda kusimamisha kreni.

*

Mchana ule ule moja ya zile mbili iliteremshwa, ikafungwa kwenye mashine. Hakukuwa na wa kupiga makofi safari hii. Tulikuwa wanne, Meneja, mimi, Cheche, na fundi wa mashine aliyekuwa anatazama swichi zake tu.

Kwenye tani tatu na robo kipimo kiliruka. Tatu na nusu, rangi ilianza kubanduka kwenye kona ya ndani kama ngozi iliyoungua na jua. Kisha tukasikia mlio mfupi, mkavu, na sikio la nira likainama upande. Ufa ungetosha kuingiza sarafu.

Meneja aliondoka. Cheche alibaki amesimama, uso umepauka.

"Juzi nilisimama chini yake nikifunga kamba ya kiatu," akasema. "Ndoo imejaa."

"Najua. Nilikuona kutoka dirishani."

Hapo ndipo machozi yalinitoka, yale ya siku nane zote. Alininyooshea mikono. Nilirudi nyuma.

"Usinishike."

"Nimesema ukweli. Nimemtaja baba yangu mbele ya watu. Ameniambia nisirudi nyumbani. Unataka nini zaidi?"

"Ulijua saa ngapi?"

"Nini?"

"Kwamba mshono si wako. Ulijua saa ngapi?"

Aligusa ule ufa kwa kidole.

"Ulipoinama kufunga nira. Mashine haijawashwa. Ukaja ukasimama pale. Wakapiga makofi, umesimama. Wakaniambia nikapake kucha, umesimama. Meneja akasema tutazungumza kuhusu nafasi yangu, wewe umesimama unatazama sakafu!"

"Nilikuwa nasubiri aseme mwenyewe. Ni baba yangu! Nilitaka nimpe nafasi aseme mwenyewe."

"Na mimi nilikuwa nani pale?"

"Nisamehe."

"Asubuhi uliniambia nimekupigia hesabu nikakuona hufai. Nimeshinda na neno lile moyoni, naona aibu, najiona mimi ndiye mbaya." Nilijifuta uso kwa kiganja, nikajipaka vumbi. "Kumbe nilikuhesabu vizuri."

Nilijua limemkata. Nililisema kwa sababu lingemkata. Alitikisa kichwa polepole, akaichukua kofia yake juu ya meza.

"Nitakuja Jumamosi," akasema.

"Shangazi yako amesema hakuna Jumamosi."

"Shangazi hakuoi wewe."

*

Alikuja kweli. Saa nne asubuhi, peke yake, kwenye shati jipya lenye mikunjo ya dukani. Tunakaa ghorofa ya tatu, na nilimsikia akisimama kila ghorofa kupumua, ingawa si mtu wa kuchoka kwa ngazi.

Mama alimfungulia, akamwacha amesimama mlangoni. Viti vya jirani vilikuwa vimesharudishwa.

"Wenzako wako wapi?" mama akamuuliza.

"Sina wenzangu, mama. Nimekuja kusema nilichomfanyia binti yako."

Akakisema. Hakukipunguza. Alieleza alivyoinama, alivyoona, alivyonyamaza, hata lile la kucha alilitamka. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akifunga na kufungua kitufe cha sweta yake.

"Na baba yako anajua uko hapa?"

"Hajui. Nalala kwa rafiki. Hatuongei."

Mama alinitazama mimi. "Huyu ni wako," akasema, akaingia ndani.

Tukabaki mimi na yeye na kizingiti katikati.

"Baba ameziteremsha nira zote," akasema Cheche. "Mwenyewe. Meneja alitaka kumpa watu, akawakataa. Jana alinipita kwenye karakana kama hanijui. Akafika mbele, akarudi. Akaniuliza kona ile ingetakiwa kuzungushwa kiasi gani."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia akakuulize wewe."

"Akasema?"

"Alitukana. Sitalirudia."

Nilikaribia kucheka. Alikuwa ameona, na kitu fulani usoni mwake kilianza kulainika, nikaharakisha kukikatiza kabla na mimi sijalainika.

"Sijakusamehe."

"Najua."

"Nikikutazama naona ile sakafu uliyokuwa unaitazama."

"Najua." Alivuta pumzi. "Nirudi lini?"

Nilikuwa nimejiandaa kumwambia asirudi. Nililifanyia mazoezi neno hilo mbele ya kioo tangu saa kumi na mbili.

"Jumamosi ijayo," nikasema. "Uje na baba yako. Asije kuniomba radhi, sitaki. Aje aketi kwenye kiti cha mama, aniite jina langu mbele ya mama yangu, kama mtu."

"Hatakuja. Humjui."

"Basi na wewe usije."

Nikafunga mlango. Sikuubamiza, niliufunga tu, nikaweka komeo, kisha nikabaki pale pale na mkono juu ya komeo, paji la uso kwenye mbao. Nilisubiri nisikie viatu vyake vikishuka. Havikushuka. Jirani wa juu alipita na ndoo zake, akamsalimia, akaitikiwa. Jikoni mama alizima jiko ili asikie vizuri.

Halafu sauti yake ikaja kupitia mbao, karibu kabisa na sikio langu, kama naye ameweka paji la uso upande wa pili.

"Nitamleta," akasema. "Hata kama ni kwa kumbeba."

Ndipo nikasikia ngazi.